Nilivyoikosa Sauti ya Aguacero

Kilichonitoa Morogoro ni ubishi. Ninaendesha kipindi cha muziki wa Kilatini katika redio moja ndogo ya mjini kwetu, kila Alhamisi jioni, na wasikilizaji wananijua kwa jina la Dada Sauda. Jioni moja nilisema hewani, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba regetoni ilizaliwa Puerto Rico, nukta. Wimbo haujaisha, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu Zuhura. Yeye anaishi Brussels, Ubelgiji, na hunisikiliza kwa mtandao huku anapika.

"Dada, umedanganya watu," alisema. "Huku kuna mzee wa Panama, mume wa mama anayenisuka nywele. Anasema yeye na wenzake waliimba hiyo kitu kabla haijapewa hata jina. Sasa anaumwa koo, so ukitaka kumsikia, fanya haraka."

Sipendi kusahihishwa, hilo wanaonijua watathibitisha. Nikaanza kuchimba ili nimuumbue Zuhura, nikaishia kuumbuka mimi. Kumbe kabla ya Puerto Rico kulikuwa na Panama, na vijana weusi ambao babu zao walitoka Jamaika na Barbados kwenda kuchimba mfereji. Vijana hao walichukua midundo ya rege ya Jamaika wakaiimbia kwa Kihispania. Mmoja wao, ndiye huyo mzee wa Zuhura, alijiita Aguacero, maana yake mvua kubwa ya ghafla. Nilichoweza kupata chake ni kipande cha kaseti kilichorekodiwa upya mara nyingi mpaka sauti inasikika kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Lakini kiitikio chake nilikijua. Nilikuwa nimekisikia katika nyimbo za watu wengine, wakubwa na matajiri, na jina lake halikutajwa popote.

Baadaye Zuhura akanipa habari iliyonifanya niombe likizo. Uvimbe wa mzee ulikuwa umefika mahali pabaya, na madaktari walikuwa wamekata shauri kumtoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Tarehe ilikuwa haijapangwa. Akishapasuliwa ataishi, lakini hataongea tena wala kuimba. Mzee alikuwa na hamu moja tu, aimbe ubeti wake mara moja kwa kinasa sauti kizuri, ataje jina lake mwenyewe, halafu ndio wampeleke wanakotaka kumpeleka. Nami nilikuwa na kinasa sauti kizuri.

Nikatoka Morogoro kwa treni ya umeme hadi Dar es Salaam, na usiku huo nikapanda ndege. Kwenye begi nilikuwa na korosho, kanga mbili, betri za akiba na maswali yangu kwa Kihispania cha kujifundisha. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mfanyabiashara wa Arusha. Nikamwambia naenda kurekodi asili ya regetoni. Akaniuliza kama hiyo ni dawa ya kienyeji. Nilicheka peke yangu mpaka tukabadilisha ndege Addis.

Ijumaa asubuhi nilitua Brussels. Zuhura alikuwa ananisubiri amevaa koti refu, amenenepa kidogo, na nilimwambia hivyo hivyo kabla ya salamu. Anakaa Uccle, upande wa kusini wa jiji, kwenye miti mingi na nyumba zenye bustani mbele. Ni mtaa wa kimya kiasi kwamba unaona aibu kukohoa. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nililala mchana kutwa, nikaamka naulizia chai ya tangawizi kama niko kwetu.

Jumamosi tulipanda tramu hadi Matonge, kwenye Galerie d'Ixelles. Ni kijia kilichoezekwa paa kati ya mitaa miwili, pande zote saluni za Kiafrika, maduka ya vitenge na ya mafuta ya nywele, na migahawa midogo ambayo wanaume hukaa na kikombe kimoja cha kahawa kwa saa tatu. Harufu ya nywele zinazochomwa na sauti za watu zilinipokea pamoja. Ukifumba macho huko, unaweza kusahau kwamba nje kuna baridi.

Mke wa mzee anaitwa Maman Nsimire, mwenyeji wa Bukavu, huko Kivu. Aliondoka kwao wakati wa vita, akamkuta Aguacero hapa Brussels. Mzee alikuwa amekuja kutumbuiza na bendi, bendi ikavunjika, yeye akabaki. Alikuja kuwa dereva wa basi la shule, mpaka alipostaafu. Maman Nsimire ni mwanamke mfupi, ana vidole vya haraka, na anaongea bila kuinua macho kwenye kichwa anachosuka.

"Maman, karibu. Kaa apa. Kichwa ya huyu mutoto iko karibu kuisha," aliniambia. "Donc ni weye muntu ya redio? Bwana yangu anakungoja sana. Kila siku: atakuya? Atakuya?"

Mimi na Zuhura tukatazamana, tukabana kicheko. Sisi Watanzania tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia Kiswahili cha mwenzetu hakifanani na chetu, hatukisikilizi, tunakisahihisha. Mtu akisema muntu, sisi kimoyomoyo tunasema mtu. Akisema mutoto, tunaifuta ile u. Tunafanya hivyo kwa huruma, tukiamini kwamba mwenzetu anajitahidi kufika tulipo ila hajafika.

"Naweza kumwona leo?" niliuliza.

"Leo apana, alichoka. Wanamupimapima kila wakati. Lakini ngoja, sema naye kidogo." Akapiga simu, akaibana begani, akaongea Kifaransa, kisha akanikabidhi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Kihispania. Sauti iliyonijibu ilikuwa nzito na ya kukwaruza, tena inaongea Kiswahili cha Bukavu chenye lafudhi ya Panama.

"Jambo sana, maman. Miye Aguacero."

Nikacheka, naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akaniambia Kiswahili alifundishwa na wakwe zake, kwa sababu waliapa kutompa mke mpaka aombe kwa lugha yao. Nikamuuliza jinsi walivyoanza. Akasema nyumbani kwao bibi yake aliongea Kiingereza cha Jamaika, barabarani watu waliongea Kihispania, na yeye alikuwa na masikio mawili. Sahani za santuri za rege zilipokuja kutoka kisiwani, wasichana wa mtaani walipenda mdundo ila hawakuelewa maneno.

"Tukawaimbia ili wasikie," alisema. "Ni ile tu. Kisha kaseti tukapatia wachofa, wenye kuendesha mabasi, wao ndio redio yetu."

"Na Puerto Rico?"

"Ah, wale! Wale walifanya kazi, siwezi kuwanyanganya. Sisi tulitoa mutoto, wao wakamusomesha." Akakohoa tena. "Maman, zingine nitakuambia na mudomo ku meza yangu. Sauti inaisha. Inatokaka asubuhi, midi, saa sita, imeisha."

Simu ikakatika. Sikuwa nimewasha kinasa sauti. Nilikuwa nimekiacha Uccle, maana sikutaka kuonekana mwenye pupa siku ya kwanza. Nilijipongeza kwa adabu yangu.

Jumatatu, Zuhura akiwa kazini, Maman Nsimire alinipigia. Nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inaunguruma.

"Allô, maman Sauda? Bon, tarehe ilitoka. Mukuye siku ya pili, à dix heures, sauti ingaliko. Siku ya tatu anaingia hôpital, wanamupasua. Alors siku ya pili, usikose."

Nikasahihisha, kama kawaida yetu. Siku ya pili, maskini, anamaanisha Jumapili. Siku ya tatu, Jumatatu. À dix heures, saa nne asubuhi. Ile saa niliigeuza vizuri sana, na nakumbuka nilivyojisikia mjanja kwa hilo. Ila Jumapili niliiona mbali, na kurekodi siku moja tu kabla ya upasuaji nikaona ni kubahatisha.

"Maman, siwezi kuja kabla ya hapo?" nilimuuliza.

Akacheka sana. "Eh, maman! Uko na haraka hivi? Kula, lala, utamuona."

Nami nikacheka. Jioni Zuhura aliporudi nikamwambia kila kitu kimeshapangwa: Jumapili saa nne asubuhi nyumbani kwa mzee, Jumatatu anapasuliwa. Nilimwambia nilichoelewa, sikumwambia nilichoambiwa. Akasema vizuri, Jumapili haendi kazini, tutakwenda wote.

Jumanne nilikwenda kumtembelea Zuhura anakofanya kazi, karibu na kituo cha metro cha Schuman, kwenye majengo ya vioo ya Umoja wa Ulaya. Watu wanatembea na vitambulisho shingoni, wanaongea lugha tatu kwenye sentensi moja. Tulikula viazi vya kukaanga tukiwa tumeketi kwenye benchi, jua limetoka kidogo, na yeye alinionyesha watu kwa kidevu: huyu Mgiriki, yule Mfini, wale wawili walinzi kutoka Lubumbashi. Simu yangu haikuwa na mtandao nje ya nyumba. Sikuona shida, maana sikuwa nangoja simu ya mtu. Baada ya kumwacha nilizunguka madukani peke yangu mpaka miguu ikaniuma. Nitasema ukweli, ilikuwa siku nzuri.

Jioni, nilipoingia tu ndani na simu ikapata mtandao, nilikuta Maman Nsimire amenipigia tena na tena. Nilipiga, hakupokea. Nikamtumia ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yangu ya redio: "Maman, pole, nilitembea mjini bila mtandao. Usiwe na wasiwasi wowote, nakuja kama tulivyokubaliana. Nisalimie mzee." Nikaona ameusikiliza. Hakujibu. Nikasema ana vichwa vya watu, atajibu akipumzika.

Siku zilizofuata nilizitumia kujiandaa. Nilisikiliza kwa mfuatano, kutoka vile vipande vya Panama hadi nyimbo za mwaka huu, na nilianza kuelewa mzee alimaanisha nini aliposema mtoto alisomeshwa. Vijana wa Panama walitoa lugha juu ya mdundo. Wenzao waliohamia New York wakaukutanisha na rapu. Vijana wa vitongoji vya San Juan wakautia hasira zao na ucheshi wao, wakauza kaseti kwa kificho wakati polisi wanazinyang'anya madukani kwa madai ya matusi. Hapo ndipo jina regetoni liliposhika. Kisha Wakolombia wakaulainisha ukawa wa mapenzi, Wadominikana wakaukaza ukawa wa mbio, na leo sidhani kama kuna wimbo wa vijana wa Kihispania ambao haujapita humo. Hata vijana wetu wa Bongo Fleva wanaupiga, wakidhani ni wa kwao. Wote hao wana picha, tuzo na majina. Aliyewaimbia wasichana wa mtaani kwao ili waelewe, huyo alikuwa na kaseti moja inayokwaruza.

Ijumaa alasiri niliingia darasa la dansi huko Ixelles. Mwalimu alikuwa kijana wa Kibelgiji mwenye kiuno kisicho na mifupa, na wanafunzi walikuwa wa kila rangi. Kiitikio cha Aguacero kilipigwa, mdomoni mwa mtu mwingine, na ukumbi mzima ukakiimba. Nikamuuliza mwalimu nani alikianzisha. Akataja nyota mmoja mkubwa. Nikatabasamu kama mtu mwenye siri, nikamwambia kwa Kiingereza asubiri, Jumapili nitapata jibu sahihi. Nilitoka pale najisikia mtu muhimu. Wakati huo mzee alikuwa tayari kitandani na bomba shingoni.

Jumapili saa nne kasoro kidogo tulipanda ngazi za nyumba yao, mimi na kinasa sauti na korosho, Zuhura na maua. Maman Nsimire alifungua mlango amevaa vitenge vya kanisani, mkoba begani. Hakutukaribisha. Alisimama katikati ya mlango akatutazama.

"Mulikuya kufanya nini?"

Nikadhani ni utani. "Tumekuja kama ulivyosema, maman. Siku ya pili."

"Siku ya pili?" Alimtazama Zuhura, akanirudia. "Leo iko siku ya Mungu. Niko naenda kusali."

"Ndiyo, Jumapili. Siku ya pili."

Akaweka mkoba chini. Akainua mikono yote miwili, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu. Siku ya ine. Siku ya tano. Siku ya posho. Siku ya Mungu." Akaviacha vidole vikiwa vimekunjwa. "Nilikuita siku ya kwanza. Nikakuambia siku ya pili. Ni kesho yake, maman. Kesho yake!"

Zuhura alinishika mkono. "Dada, kwao wiki inaanza Jumatatu. Siku ya pili ni Jumanne."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia Jumapili! Ungenipa maneno yake yalivyo ningejua, nimesukwa hapa miaka yote hii."

Nilimuuliza Maman Nsimire, ingawa jibu nilikuwa nalo, kama mzee ameshapasuliwa.

"Siku ya tatu, vile nilikuambia. Iko muzima, Mungu asifiwe. Lakini sauti, ni finie." Machozi yalimjaa ila hayakumwagika. "Niliita, niliita. Magaribi ukatuma message: nakuya kama tulisikilizana. Nikasema bon, hawa bantu ya redio, sisi ni bure kwao."

Nilikaa kwenye ngazi, nikalia. Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Siku nzima ya Jumanne nilikuwa mji huu huu, safari moja tu ya basi kutoka mlango huu, nakula viazi. Maman Nsimire akaketi kando yangu na vitenge vyake vya kanisani. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alichukua korosho kutoka mkononi mwangu, akasema mzee hawezi kuzila sasa, yeye atazila.

Jumatatu alitupeleka hospitalini. Aguacero ni mtu mrefu, miguu yake ilikuwa karibu kutoka nje ya kitanda, na nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Shingoni palikuwa na kitambaa na bomba dogo. Nilimwambia pole kwa Kiswahili, kisha kwa Kihispania changu kibovu, nikamweleza kosa langu lote la siku. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye Jumapili, mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na mlio. Sijawahi kuumia vile kwa kuona mtu anacheka.

Akatikisa midomo. Maman Nsimire akasoma. "Anasema karibu. Anasema hata yeye, ku mwanzo, hizi siku zilimukosesha mara mingi."

Akatikisa midomo tena, safari hii kwa muda mrefu, kichwa kikienda taratibu upande huu na upande ule. Nilimgeukia mkewe. Akatazama kwa makini, kisha akainua mikono. "Iyo iko Español, maman. Español yake sisomake ku midomo."

Mkono wangu ulikuwa umeingia begini na kidole kimeshika kitufe cha kurekodia. Sijui nilikuwa nataka kurekodi nini. Niliuondoa taratibu, na natumaini hakuniona. Zuhura akatoa simu yake, akamwomba aandike alichosema. Mzee aliisukuma kando kwa upole, akafumba macho. Tukamwacha alale.

Jumanne nilipanda ndege kurudi nyumbani. Nilipofika kwenye dawati la mizigo nilijikuta nasema kwa sauti, "Siku ya pili," na mhudumu akaniomba nirudie. Treni ilipotoka Dar na milima ya Uluguru ikaanza kuonekana, nilitamani safari iwe ndefu zaidi, maana sikujua nitawaambia nini watu niliowatangazia kwa mbwembwe kwamba naleta sauti.

Alhamisi nikaingia studio nikasema kweli yote. Nikataja jina la Aguacero, nikaeleza kuhusu Panama, mabasi na wasichana wa mtaani, nikapiga kile kipande cha kaseti kinachokwaruza, nikakiri kwamba nilikuwa nimedanganya kuhusu Puerto Rico. Kisha nikasimulia habari ya siku ya pili. Wasikilizaji walipiga simu. Wengine walikicheka Kiswahili cha Kongo, na kwa mara ya kwanza sikucheka nao. Baba mmoja, mzaliwa wa Kigoma, alisema kwao wangenielewesha kwa dakika moja, maana sokoni wanauziana na Wakongo kila siku. Nikamjibu kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kunielewesha nyumba hiyo hiyo niliyolala, ila sikudhani nahitaji kueleweshwa. Nilisema nimejifunza kwamba lugha si mali ya anayejidai kuizaa, na mtu akikuambia neno, lipokee kama alivyokupa, ukauliza. Nilipozima kipaza sauti nilidhani hilo ndilo somo lote, na kwamba sina jingine la kujutia.

Asubuhi yake nilikuta ujumbe wa sauti kutoka Brussels. Ni Maman Nsimire, na hapakuwa na mashine nyuma yake.

"Maman Sauda, jambo. Tulikusikia jana, miye na mzee. Alisikiliza paka mwisho, ulipotaja jina yake akapiga mikono. Merci mingi. Lakini kuko kitu sikukuambia, ilinibakia mu roho. Si kwa kukulaumu, ni juu nikibakia nayo miye peke yangu iko muzito. Ile siku ya pili aliamuka mapema, akavaa koti yake ya kuimbia, akakaa ku meza. Unajua sauti yake ilikuwa kidogo kidogo. Donc alikuwa anaichunga, juu yako. Namuuliza, chai? Anatikisa kichwa. Namuuliza, uko na woga ya kesho? Anatikisa kichwa. Ilipofika magaribi nikamuambia, hawakuye, basi hiyo sauti zungumuza na miye. Akanionyesha na mukono, ngoja. Ata asubuhi ya hôpital alikuwa anaangalia mulango, labda utatokea. Docteur aliuliza, akajibu oui na kichwa. Miye nilimushika mukono, tukaenda vile, bila neno. Miaka yote tuliishi naye, maman, muntu ya kusema mingi, ata usiku anasema. Na neno ya mwisho nilisikia mu mudomo yake iko ile ya asubuhi, siku ya pili, nikiwa naweka maji ku moto. Alisema: Nsimire, leo usinisemeshe, tuko na mugeni."